Kamera Thelathini na Nane Kabatini



Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu. Mwenye haraka aiweke, aje aisome baada ya Isha akiwa ametulia. Najua wapo watakaosoma kichwa cha habari na kusema, "Sheikh leo kaishiwa, anazungumzia kamera." Nakuomba usubiri. Anayesema "mimi sina kamera" atazame kabati lake la viatu, au droo yake ya saa, au simu za zamani alizozipanga, kisha arudi tusome pamoja.

Wiki tatu zilizopita niliandikiwa na kijana wetu mmoja anayefanya kazi Maskati. Amenipa ruhusa niandike habari yake bila ya jina lake. Alianza hivi: "Maalim, nina swali la aibu kidogo. Mimi nakusanya kamera za zamani za filamu, za Kijapani, zile ambazo watu hawazijui. Ninazo thelathini na nane. Mke wangu amezigundua. Je, ni haramu?"

Nikamuuliza, mke amezigundua vipi? Kwani zilikuwa zimefichwa?

Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaandika yote. Ndiyo, zilifichwa. Zilikuwa kwenye mabegi juu ya kabati, na mke aliambiwa ni vifaa vya kazini. Miezi miwili nyuma alimuahidi dada yake aliyeko chuoni hapa nyumbani kwamba atampelekea riali 200 za ada. Wiki ile ile ikatokea mnadani kamera moja inaitwa Miranda T, ya katikati ya miaka ya 1950. Akajiambia, hii ikipita hairudi. Akainunua kwa riali 180. Dada akaambiwa mshahara umechelewa. Dada akampigia shemeji yake kumuomba msaada, mke akashangaa maana mshahara haukuchelewa, na ndipo mabegi yaliposhushwa.

Anasema mke hakupiga kelele. Alizipanga zote sakafuni, akazihesabu, kisha akamuuliza swali moja tu: "Hizi ni zetu au ni zako?"

Hakuwa na jibu, ndiyo akaja kwangu.

Ndugu msomaji, nakiri kwamba mwanzo nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Ningemwambia ni israfu, auze, amlipe dada yake, basi. Lakini tuliosoma tulifundishwa kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Huwezi kutoa rai juu ya jambo usilolijua. Nikamwambia, "Mwanangu, nifundishe kwanza. Hizi kamera ni nini hasa?" Akanifundisha usiku mbili tatu, na mengine nikayatafuta mwenyewe. Ninayoyaandika hapa chini ni sehemu ya niliyojifunza, na sikujuta kujifunza.

KWANZA: TUJUE TUNACHOKIZUNGUMZIA

Wengi wetu tukisikia kamera ya Japan tunazijua Canon na Nikon. Hizo ni mbili tu kati ya zilizobaki na majina makubwa. Nyuma yao kulikuwa na viwanda vingi, vikubwa na vidogo, ambavyo leo hata Wajapani vijana hawavijui.

Japan ilianza zamani. Mwaka 1903 duka la Konishi la Tokyo, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Konica, lilitoa kamera ya mkononi ikiitwa Cherry. Mwaka 1934 akina Canon walitengeneza mfano wao wa kwanza, nao wakauita Kwanon. Jina hilo ni la Kannon, ambaye Mabudha humtukuza kama alama ya rehema. Kijana wetu aliogopa kwamba kwa sababu hiyo hata Canon ni haramu. Nikamwambia hapana, chuma hakiwi sanamu kwa sababu ya jina la babu yake, wala wewe hukukinunua kukiabudu. Tusiongeze katika dini yasiyokuwemo.

Kisha vikaja vita, Japan ikashindwa mwaka 1945, ikakaliwa na Wamarekani mpaka 1952. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza darubini na vyombo vya kulengea shabaha vya jeshi vikabaki bila ya kazi. Wafanyakazi wana njaa, nchi imeungua. Wakageuza ujuzi ule ule wa vioo wakatengeneza kamera za kuuza nje ili wapate fedha ya kununulia chakula. Zile za miaka hiyo utazikuta zimechapwa chini maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba zimetengenezwa katika Japan iliyokaliwa. Nyengine ni ndogo kama kiberiti, picha yake haifiki sentimita mbili kwa mbili. Kijana wetu anazo tatu za namna hiyo.

Baada ya hapo wakapanda. Mwaka 1952 Asahi wakatoa Asahiflex, ambayo ndani yake kuna kioo, ukichungulia unaona kupitia lenzi ile ile inayopiga picha. Mwaka 1955 ikaja hiyo Miranda, yenye prizma juu yake, unaiweka usawa wa jicho na kitu unakiona kilivyo. Mwaka 1958 kampuni ndogo ya Zunow ikatoa kamera iliyowatangulia wakubwa kwa mengi, na muda mfupi baadaye kampuni yenyewe ikafa. Leo wakusanyaji wanaitafuta kamera ya Zunow kama watu wanavyotafuta lulu. Mwaka 1959 Olympus wakatoa Pen, aliyoibuni fundi kijana aitwaye Yoshihisa Maitani. Fremu yake ni nusu ya kawaida, hivyo mkanda wa picha 36 unakupa picha 72. Ilikuwa rehema kwa mtu wa kipato kidogo. Ricoh nao wakatoa Auto Half, ambayo unaitia ufunguo wa springi kama saa ya mezani, na filamu inajisogeza yenyewe kila ukipiga.

Kisha vikaanza kuanguka. Miranda wakafilisika mwaka 1976. Petri, waliokuwepo tangu 1907, wakafilisika mwaka 1977. Konica na Minolta waliungana mwaka 2003, na mwaka 2006 wakaacha kabisa kazi ya kamera. Majina yaliyokuwa yakiwaka kwa taa kwenye majengo ya Tokyo, leo yamo kwenye maboksi ya vitu chakavu, na mtu huko Maskati anayatafuta usiku wa manane kwenye simu.

Ukitaka mazingatio, hayo peke yake yanatosha. Walioyajenga walifikiri yatadumu.

PILI: JE, NI HARAMU?

Nasema kwa uwazi, maana mke wa kijana huyu naye anasoma hapa na huenda anasubiri nimpe ushindi. Binti yangu, siwezi kuharamisha alichokihalalisha Mola ili nikufurahishe wewe. Asili ya vitu na mambo ya dunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Kumiliki kamera moja au arubaini si haramu kwa dhati yake. Ama khitilafu ya wanazuoni kuhusu picha yenyewe inajulikana. Wapo waliokaza ila kwa dharura, na wengi wa zama zetu wameona kwamba picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu na wala si kuumba. Hilo si swali la leo.

Lakini jambo halali linaweza kuingia haramu kwa milango ya pembeni, na katika mkasa huu nimeiona milango mitano. Kila mmoja wetu atazame mlango wake.

MLANGO WA KWANZA: HAKI YA MTU ILIYOTANGULIA

Kijana alivunja ahadi kwa dada yake. Akasema uongo kuhusu mshahara. Akasema uongo mwengine kuhusu mabegi. Hapo kamera haina kosa lolote. Angefanya vivyo hivyo kwa ajili ya mpira au kwa ajili ya mazulia, hukumu ni moja.

Kipimo ninachokupa ni hiki, na ni chepesi: kitu unachokinunua, je, unaweza kukifungua mbele ya mke wako na kumtajia bei yake bila ya moyo kudunda? Kama huwezi, usijiulize kuhusu kitu, jiulize kuhusu wewe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba dhambi ni lile linalokukwaruza kifuani na ukachukia watu walijue. Mabegi juu ya kabati ni fatwa tosha, hukuhitaji kuniandikia.

Nanyi wanawake msicheke. Vipo vikombe vya kaure vilivyofungwa sandukuni, zipo dhahabu ambazo mume hazijui, na vipo vitenge hamsini ambavyo kumi havijashonwa. Darsa ni yetu sote.

MLANGO WA PILI: AIBU ILIYOFICHWA NDANI YA BIDHAA

Hapa ndipo somo liliponinasa. Kamera ya miaka sitini ina maradhi yake. Kuvu huota ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hasa kwenye nchi za pwani zenye unyevunyevu kama zetu. Sponji za kuzuia mwanga huoza zikawa kama lami. Shata hukwama. Kipima mwanga kilitengenezwa kwa betri za zebaki ambazo sasa hazipatikani, ukiweka ya kisasa kinakudanganya kipimo. Zipo lenzi za miaka ya 1960 na 1970 ambazo kioo chake kilitiwa thoriamu, na kwa miaka mingi zimegeuka rangi ya chai.

Muuzaji muongo anafanya nini? Anaipiga picha kamera kwa upande mzuri, anaandika "safi kama mpya", anaweka picha kumi za nje na hata moja ya kupitisha tochi ndani ya lenzi hakuna. Kijana wetu amenunuliwa hivyo, yaani ameuziwa mbovu, mara nyingi. Kisha akakiri kwangu kitu kizito: na yeye alipotaka kuzitoa zile mbovu, aliziuza hivyo hivyo. "Maalim, si ndio soko lilivyo?"

Ndugu zangu, mnakumbuka kisa cha rundo la nafaka sokoni Madina? Mtume (s.a.w.) alipita, akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikapata umajimaji. Akamuuliza mwenye nafaka, hiki ni nini? Akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu watu waione, kisha akatoa onyo kali kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Mwenye nafaka hakusema uongo hata neno moja. Alipanga tu kikavu juu na kibichi chini.

Basi kuvu ndani ya lenzi ndiyo nafaka iliyorowa. Nje ngozi nyeusi na nikeli inang'aa, ndani kumeoza. Tochi ndiyo mkono wa Mtume. Ukiuza, ipige tochi wewe mwenyewe, uandike: "Lenzi ina kuvu, shata ya polepole inakwama." Utapata bei ndogo, lakini ina baraka. Na ambaye ameshauza kwa kuficha, toba yake haimaliziki kwa istighfari peke yake. Amtafute mnunuzi, amwambie aibu iliyokuwepo, amkhiyarishe: arudishe achukue fedha zake, au apunguziwe. Leo ni rahisi kuliko zamani, maana jina la mnunuzi bado limo kwenye simu yako.

Na kuna nyengine. Wajapani wanauza masanduku ya kamera zisizofanya kazi au zisizojaribiwa, bei ya chini, na wanasema wazi kwamba ni mbovu, hazirudishwi. Muuzaji huyo amekuwa mkweli. Anayenunua kwa ajili ya vipuri na anajua anachonunua, mimi sioni tatizo. Lakini anayenunua kumi kwa kubahatisha kwamba moja itakuwa na utajiri ndani, basi ajichunguze, maana ladha anayoionja siyo ya biashara, ni ya kamari.

Na minadani kuna rafiki anayepandisha bei bila ya nia ya kununua, ili mwenzake auze ghali. Hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa, iwe kwa mdomo sokoni au kwa kidole kwenye simu.

MLANGO WA TATU: MKANDA ULIOSAHAULIKA

Hili sikulijua kabisa mpaka aliponieleza. Anasema mara nyengine kamera inakuja na mkanda ndani yake. Mwenyewe alipiga picha miaka arubaini iliyopita, hakuzisafisha, akafariki, warithi wakauza vitu vyake kwa jumla. Wakusanyaji wanafurahi sana wakipata mkanda kama huo. Wanausafisha, kisha wanaziweka picha mitandaoni watu wazione.

Yeye aliupata mmoja ndani ya Petri. Picha nne zilitoka. Moja ni mama amekaa sakafuni anamnyonyesha mtoto, na anacheka na anayepiga. Akaiweka kwenye ukurasa wake. Akapata pongezi nyingi kuliko siku yoyote.

Nikamuuliza, "Yule mama ungekuwa unamjua, ungeiweka?" Akasema hapana. "Angekuwa mama yako?" Akanyamaza.

Umenunua chuma, hukununua sitara ya watu. Mama yule alicheka mbele ya mumewe nyumbani kwake, hakucheka mbele yetu. Si Muislamu? Labda. Heshima ya mtu na faragha ya nyumba yake hatukuamrishwa tuzichunge kwa Waislamu peke yao. Rai yangu ni kwamba mkanda wa namna hiyo ni amana. Ukiweza kumfikia mwenyewe au warithi wake, warudishie, huenda ukawafurahisha kuliko unavyodhani. Ukishindwa, na ndiyo kawaida, basi usizitangaze picha za watu majumbani mwao. Picha ya mlima au ya gari barabarani ni jambo jengine.

Na kwa hili nataka nikutajie mtu mmoja. Tarehe 6 Agosti 1945, siku Hiroshima ilipopigwa bomu, mpiga picha wa gazeti la mji huo, Yoshito Matsushige, alitoka na kamera ya Mamiya Six na mikanda miwili. Mamiya Six ni kamera ya Kijapani iliyoanza mwaka 1940, na ya ajabu kidogo: nyengine nyingi unasogeza lenzi ili picha ikae sawa, hii unasogeza filamu. Matsushige alikuwa na nafasi ya picha 24. Alitembea masaa mengi kati ya watu walioungua. Alipofika kwenye daraja la Miyuki alisita muda mrefu kabla ya kufyatua, na baadaye akaeleza kwamba machozi yalimzuia kuona. Siku nzima alipiga picha saba tu, na zilizotoka ni tano. Ndizo picha chache mno tulizonazo za ardhini siku ile.

Hakuwa muoga wala mvivu. Kazi yake ilikuwa kupiga, na dunia ilihitaji ushahidi, akapiga. Lakini alijua mbele yake ni binaadamu. Leo ajali ikitokea barabarani, watu thelathini wanatoa simu kabla ya mmoja kutoa shuka ya kumsitiri majeruhi.

MLANGO WA NNE: ZAKA

Wengi hawaulizi hili. Kamera ulizoweka kwa matumizi yako au kwa kuzipenda tu, hazina zaka, kama nguo na samani. Lakini ukinunua kwa nia ya kuuza upate faida, hiyo ni mali ya biashara. Ikifika nisabu pamoja na fedha zako nyengine na mwaka ukapita, unazithamini kwa bei ya soko siku ile na kutoa asilimia 2.5. Usimwambie mke "ni akiba, zinapanda thamani", kisha ukafika mwezi wa zaka ukasema "ni mapenzi tu." Chagua neno moja, ulisimamie kote kuwili.

MLANGO WA TANO: KWA NINI ZILE WASIZOZIJUA WATU?

Nilimuuliza kwa nini hakusanyi Canon na Nikon. Akajibu, "Hizo kila mtu anazo." Nikamwambia arudie. Akarudia, akajisikia mwenyewe.

Mwanangu, hapo ndipo pa khatari kuliko fedha. Kuna mtu anapenda kitu kwa uzuri wake. Na kuna mtu anapenda kitu kwa sababu mwenzake hana. Wa pili hatoshibika, maana siku watu watakapokijua atakiacha atafute chengine. Suratut Takaathur inatuonya juu ya kushindana kwa wingi mpaka tukafika makaburini. Suratul Humaza inamtaja mwenye kukusanya mali na kuihesabu. Ndugu yangu, zingatia hilo la kuhesabu. Kijana alijua ni thelathini na nane bila ya kutazama. Nilipomuuliza amesoma juzuu ngapi tangu Ramadhani, ilibidi afikirie.

Lakini nimuhukumu peke yake? Nyuma yangu ninapoandika haya kuna rafu ya vitabu. Vingi nimevisoma. Vipo kumi na moja, nimehesabu jana, ambavyo bado vimo ndani ya nailoni. Kimoja nilikinunua kwa sababu sheikh mwenzangu hakuwa nacho, na akija nyumbani namkalisha upande unaotazamana nacho. Vitabu vya dini! Basi usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa wapenda kamera.

KUNA KHERI NDANI YAKE?

Ipo, na si haki kuificha.

Wapo vijana wetu wanaopenda kuandika kwamba neno "kamera" ni la Kiarabu, limetoka "qamara". Si kweli, ni la Kilatini na maana yake ni chumba. Hatuna haja ya kuzua ili tuheshimike, maana ukweli wetu unatosha: Ibn al-Haytham wa Basra, miaka elfu moja iliyopita, alichunguza kwa majaribio namna mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora kilichoko nje ndani ya chumba cha giza, na Kitab al-Manazir chake kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Anayefungua kamera ya zamani na kuona tundu, giza na mwanga, anasoma aya za Mola katika viumbe, kama ana moyo wa kusoma.

Ya pili ni itqani, kufanya kazi kwa ukamilifu. Miaka ya 1950 bidhaa za Japan zilidharauliwa duniani, zikiitwa takataka za bei rahisi. Walifanya nini? Mwaka 1954 wakaanzisha taasisi ya kukagua kamera kabla hazijatoka nchini, na kamera iliyopita ikabandikwa kikaratasi kidogo cha dhahabu cha duara refu chenye neno la Kiingereza, imepita. Hawakulalamika kwamba wanaonewa. Haikufika miaka ishirini walikuwa mbele ya Wajerumani waliokuwa walimu wao. Sisi fundi wetu anakushonea kanzu, mkono mmoja mrefu, na anakwambia vaa hivyo hivyo inshaallah utazoea. Mpaka "inshaallah" tumeigeuza kikaratasi cha kufichia kazi mbovu.

Ya tatu ni ile filamu yenyewe. Picha 36 tu, na ukifyatua huwezi kufuta. Kijana anasema tangu aanze kutumia filamu anatazama kwanza, anangoja, anajiuliza inastahiki? Kama mtu atajifunza hivyo katika picha kisha akahamisha katika maneno yake, basi kamera ile imemfaa.

NILIYOMWAMBIA

Nilimwambia mambo manne. Ada ya dada leo hii, kabla ya kulala, pamoja na kumwambia ukweli kwamba mshahara haukuchelewa. Picha ya yule mama iondoke. Walioziwa mbovu watafutwe. Na la nne, akae na mkewe sakafuni, zile thelathini na nane zikiwa katikati, aitaje bei ya kila moja kwa sauti, kisha waamue pamoja zipi zibaki. Sikumpa idadi. Idadi si kazi yangu.

Juzi ameniandikia. Anasema kutaja bei kulikuwa kugumu kuliko kulipa. Ilipofika Miranda, mkewe alitoka chumbani akakaa nje muda, kisha akarudi akasema, "Endelea." Ada imelipwa, kwa mkopo wa rafiki ambao atalipa kwa kuuza. Wanunuzi watatu amewapata, mmoja amerudishiwa fedha, wawili wamesamehe. Kamera ishirini na mbili zinauzwa na maradhi yake yameandikwa, na anasema zinakwenda polepole kwa sababu jirani zake mnadani bado wanaandika "safi kama mpya". Miranda nayo imo katika zinazouzwa. Hilo aliliamua yeye, mkewe hakumuomba.

Dada bado hajazungumza naye vizuri. Nimemwambia asiharakishe, aliyevunja hana haki ya kupanga siku ya kusamehewa.

Na mke ameomba kitu kimoja kibaki: ile Olympus Pen ndogo. Anataka ampigie picha mtoto wao siku ya kukhitimu juzuu ya kwanza, kwa sababu itabidi baba yake atulie na kumtazama kweli kabla ya kufyatua.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako na haramu yako. Usiijaalie dunia kuwa hamu yetu kubwa wala ukomo wa elimu yetu. Wasitiri walio hai na waliotangulia, na tujaalie tuwe wasiri wa aibu zao na si watangazaji. Na vile tunavyovihesabu, tujaalie tuvihesabu siku tunapovitoa. Aamin.

Wallahu a'lam. Hii ni rai ya ndugu yenu, mwenye elimu zaidi anirekebishe hapa chini kwa adabu, na mwenye kitu juu ya kabati akishushe leo.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.